Pesa ya mpunga iko kwa mwenye anaweza kungoja

Kuna hesabu inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp kila ikikaribia mwezi wa saba, nadhani mmeiona: ekari moja ya mpunga Mwea, kule Kaunti ya Kirinyaga, gunia 30, kila gunia elfu nane, jumla 240,000, toa gharama elfu hamsini, unabaki na laki moja na tisini kwa miezi minne tu, halafu chini kabisa kuna namba ya jamaa wa kukutafutia shamba. Watu wa Nairobi wanaipenda sana hiyo hesabu. Mtu ako zake Donholm, mshahara umeisha tarehe kumi, anaiangalia anaona kabisa Mungu amemkumbuka.

Sasa mimi nalima. Si sana, ni ekari moja ya kukodi pande za Wang'uru, huko huko Mwea, nalima na anti yangu ambaye anaishi huko na ndiye anajua mpunga, mimi kazi yangu ni kutuma pesa, kupiga simu na kuuza. Mchana nashika vitabu vya hesabu kwa duka la spea Kirinyaga Road, kwa hivyo naweza sema nashinda Kirinyaga hata nikiwa taoni. Na juu vitabu ndio kazi yangu watu wananiuliza sana, dada, hii kitu inalipa ama ni story? Inalipa. Lakini ile hesabu ya WhatsApp imeficha vitu vingi, na kitu kikubwa imeficha si gharama, ni siku ya kuuza.

Wacha tuanze na gharama ndio tumalizane nazo. Tuchukue ekari moja ya Pishori, yaani ile Basmati 370, mpunga wa mchele wa kunukia, shamba la kukodi, bei za kwetu, jirani yako anaweza kuwa na zake tofauti. Kukodi elfu 30 kwa msimu, na unalipa yote mbele, hakuna mambo ya nitakutumia kidogo kidogo. Trekta ya kulima, rotaveta ya kuvuruga udongo na kusawazisha 11,000. Mbegu kama kilo 25 na kazi ya kitalu 5,000. Akina mama wa kupanda 9,000. Mbolea ya serikali gunia moja ni 2,500 tangu 2023, weka gunia nne, 10,000, hiyo ni kama umepata ya serikali kwa wakati, ukikosa unanunua ya duka na hapo hesabu inaanza kulia. Kupalilia mara mbili 9,000. Dawa 4,000. Ada ya maji na kusafisha mifereji 4,000. Kufukuza ndege 8,000. Kombaini ya kuvuna 9,000. Magunia, kubeba, kuanika, 6,000. Jumla 105,000. Hiyo hamsini ya WhatsApp sijui inalima wapi.

Mavuno nayo, gunia 30 za kilo mia zipo, kuna watu wanazitoa, lakini panga bajeti na kama kilo 2,000 za mpunga mkavu kwa ekari, ukipata zaidi ni bonasi. Kilo 2,000 kwa shilingi 80 ni 160,000. Toa 105,000. Umebaki na 55,000. Na si miezi minne, juu ile elfu 30 ya shamba ilitoka kwa mfuko wako kabla hata kitalu hakijamwagiwa maji, na mpunga ukivunwa bado kuna kuanika na kutafuta mnunuzi, kwa hivyo ni nusu mwaka, gawanya na sita unapata elfu tisa na kitu kwa mwezi. Si mbaya, kuna watu wamefungia pesa kwa biashara za kurudisha chini ya hapo, lakini hiyo si pesa ya kuachia kazi. Kama shamba ni lako ile elfu 30 inabaki kwako, unakuwa na 85,000, na ndio maana wazee wa huko wanatucheka kidogo sisi watu wa kukodi.

Kuna gharama mbili hapo juu zinaonekana ndogo na ukifika shambani unaelewa mbona haziwezi kurukwa. Ya kwanza ni ndege. Hawa kwerea kwerea ni vindege vidogo kuliko shomoro, vinakuja kama wingu, na vinakuja wakati masuke yana maziwa, ile punje ukiifinya inatoa kitu cheupe, hapo ndio utamu wao uko. Kuanzia hapo mpaka kuvuna unaweka kijana shambani kutoka alfajiri hadi giza linaingia, ana kombeo, ana mkebe wa kugonga, ana kamba zimefungwa makaratasi ya plastiki anazivuta kutoka upande mmoja, anapiga mayowe mpaka sauti inakauka. Jumapili yuko, mvua yuko. Akienda tu kutafuta chai unakuta suke limesimama wima, na suke la Pishori likiwa na mzigo halisimami wima, linainama. Hapo ujue umevuna manyasi.

Ya pili ni konokono. Hawa walithibitishwa Mwea 2020, ni konokono wakubwa wa majini ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, na wanakula mche ukiwa mchanga, unapanda leo, baada ya siku mbili unakuta mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mayai yao ni ya pinki, pinki ya kung'aa ile ya rangi ya kucha, wanayabandika kwa shina juu ya maji na kwa kuta za mfereji, ukiyaona mara ya kwanza unaweza dhani mtu ameangusha pambo. Anti yangu anatembea na ndoo anaokota kwa mkono, mayai anayaponda na kijiti, halafu anapunguza maji shambani siku za kwanza juu konokono bila maji hatembei vizuri. Kazi hiyo hatuilipi, na ndio nasema hata ile 105,000 haijakamilika, kuna masaa ya Anti hayako kwa kitabu popote. Nikijaribu kuyaweka ananiambia, "Wee mtoto, sasa utaniandika mimi kibarua kwa shamba letu?" Basi nimeacha, lakini kila tukiuza kuna fungu lake linatoka kwanza kabla hatujagawana, na wewe ukifanya na jamaa yako fanya hivyo hivyo, usijidanganye kwamba mtu anachuna konokono kwa upendo.

Maji, afadhali sasa. Mwea inatumia maji ya mto Thiba na Nyamindi, na miaka mingi shida ilikuwa zamu, ulikuwa unangoja zamu yako huku kitalu kinazeeka. Bwawa la Thiba lilizinduliwa Oktoba 2022, linabeba mita za ujazo milioni 15.6, na lengo lilikuwa skimu, yaani mashamba yote ya umwagiliaji ya Mwea, itoke ekari 25,000 ifike kama 35,000 na watu waweze kulima misimu miwili. Imesaidia kweli. Lakini wote tukipata maji pamoja tunapanda pamoja, tunatafuta kombaini pamoja na tunavuna pamoja, na hapo ndio nataka tukae kidogo.

Mavuno makubwa ya Pishori yanaanguka kuanzia Novemba mpaka Januari. Yaani barabara zote za skimu zimejaa maturubai, mpunga umeanikwa mpaka karibu na lami, matatu za Embu zinapita zikipiga honi, kuku wa kila mtu wameshiba. Na Januari ni nini? Karo. Yunifomu, vitabu, mtoto wa bodingi anataka godoro, na Krismasi ndiyo hiyo imepita na kila kitu. Broka, yule dalali wa kununua mpunga, hahitaji kusoma uchumi, ana kalenda tu. Anakuja na lori na pesa taslimu, anaingiza mkono ndani ya gunia, anatoa punje kadhaa, anaziuma kwa meno ya mbele, krap, anakunja uso, "mama, hii bado ina maji." Hata kama haina. Halafu bei inashuka, ile 80 inakuwa 70, ikifika karibu na kufungua shule inakuwa 65, na gunia linashindiliwa na kuongezwa kilemba, ile nyongeza ya juu ya mdomo wa gunia, mpaka kilo mia inakuwa mia na kitu, na huna nguvu ya kubishana juu jirani yako ashaingiza yake kwa lori.

Sasa rudi kwa hesabu. Kilo 2,000 kwa 65 ni 130,000. Toa 105,000, umebaki na 25,000. Kwa nusu mwaka! Hujapoteza hata gunia moja, ndege hawajakula, ugonjwa wa blasti haujaingia, umelima vizuri kabisa, na bado zaidi ya nusu ya faida imepotea kwa wiki moja ya Januari. Watu wanalala wakifikiria mbolea na mbegu, na ni sawa, lakini kwa ekari moja hiyo shilingi 15 ya bei ni sawa na kuongeza karibu kilo mia nne za mavuno. Kilo mia nne si mchezo, uliza mkulima yeyote.

Upande wa pili ni huyu mwenye amengoja. Ameanika vizuri, pole pole, si jua kali la siku moja, juu mpunga ukikauka haraka punje inapasuka ndani na ukienda kukoboa unapata chenga nyingi, yaani punje zilizovunjika. Mpunga ukitoka kwa kombaini una unyevu mwingi, unataka ushuke mpaka karibu asilimia 14 ndio uweke stoo. Ameuweka juu ya mbao, si kwa sakafu, amefukuza panya. Mwezi wa tatu anapeleka mashine. Kilo 2,000 za mpunga zinatoa kitu kama asilimia 62 ya mchele, tuseme 1,240, na ndani yake labda 1,000 ni mchele mzima na 240 ni chenga. Mchele mzima ukiuza mwenyewe Nairobi kwa 180 ni 180,000, chenga kwa 80 ni elfu 19 na kitu, pumba tumpe mwenye ng'ombe. Toa elfu 12 ya kukoboa, kufunga na usafiri. Mkononi kama 187,000. Ukilinganisha na yule wa 130,000 hiyo ni tofauti ya 57,000, ambayo ukiangalia vizuri ni faida yote ya ekari tuliyopiga pale juu, na kidogo zaidi. Shamba lile lile, jasho lile lile, tofauti ni mmoja alikuwa na karo ya Januari kwa mfuko mwingine.

Kwa hivyo mtu akiniuliza aanze na shilingi ngapi huwa simwambii 105,000. Namwambia awe na 105,000 na awe na maisha yake ya miezi mitatu baada ya mavuno bila kugusa huo mpunga. Kama hana hiyo ya pili bora akodi nusu ekari. Nimeona watu wamekopa kwa hizi aplikesheni za simu kulima mpunga, riba ya mwezi kwa kitu cha miezi sita, hapo mpunga unalima wewe.

Kungoja nako kuna hatari zake, tusipakane mafuta. Bei inaweza isipande. Mchele mwingi tunaokula Kenya si wa Kenya, unatoka Pakistan, Thailand, na Tanzania kupitia mpaka wa Namanga, na ule wa nje ya Afrika Mashariki ushuru wake kwetu ni asilimia 35. Mkulima wa Wang'uru bei yake inapangwa na watu hawajui hata Wang'uru iko wapi. India ilipofunga kuuza nje mchele mweupe Julai 2023 bei zilipanda, mwenye alikuwa na stoo akacheka. Halafu Julai 2025 serikali yetu ikatangaza tani 500,000 ziingie bila ushuru mpaka mwisho wa mwaka, kesi ikapelekwa mahakamani Kerugoya na korti ikasimamisha kwanza, lakini wiki hizo mwenye alikuwa na magunia nyumbani hakulala. Sisi watu wa Nairobi nasi tuko pande zote mbili, asubuhi unataka mchele wa bei ya chini dukani, jioni unaombea bei ipande juu uko na shamba. Sina aibu, mimi niko hapo katikati kabisa.

Na kuuza Nairobi si kuweka tu stetasi. Shida kubwa ni kwamba watu wamechezwa. Kuna wenye wanachanganya Pishori na mchele wa nje wa bei ya chini, wengine wanatia manukato, sasa mteja wako anafungua mfuko wa kilo tano, anatia pua ndani, anakuambia, "Dada, mbona hii yako hainukii vile ile ya barabarani inanukia?" Namwambia mama, pika kikombe kimoja leo, majirani wakigonga mlango uniletee pesa ya kilo kumi. Pishori ya kweli harufu yake inatoka zaidi ikiwa kwa moto. Mteja akishaonja ameshika, na hiyo ndiyo faida yetu wadogo, wanunuzi wakubwa wa nafaka wa Nyamakima, hapo taoni, hawawezi kumwonyesha mtu shamba, mimi nina picha ya Anti na ndoo ya konokono. Deni ndio ugonjwa. Mchele wa deni haurudi. Kanisani hasa, mtu anakukumbatia kila Jumapili na kilo ishirini zako zishakuwa mbolea.

Kuna vitu viwili vya shambani navyo nataka kutaja juu vinabadilisha hesabu bila kuongeza pesa nyingi. Kuna upandaji ule wa kutumia mche mmoja mmoja, mchanga wa siku nane mpaka kumi na tano, kwa mistari, sentimita 25 kwa 25, na shamba linaloweshwa halafu linaachwa likauke kidogo badala ya kufurika muda wote. Profesa Bancy Mati wa chuo kikuu cha JKUAT ndiye alianza kuusukuma Mwea 2009. Mbegu inapungua sana na maji yanapungua. Lakini magugu yanafurahia hiyo hewa, kwa hivyo unachookoa kwa mbegu jiandae kukilipa kwa palizi, na upate akina mama wenye subira ya kupanda kwa kamba, wengi wanataka bei ya juu kwa hiyo kazi na wako na haki, hebu inama kwa tope nusu saa halafu uje unipigie kelele ya bei.

Kingine ni machipukizi. Ukivuna, ile mizizi ikipata maji na mbolea kidogo inachipua tena, unavuna mara ya pili, mavuno ni kidogo lakini hujalima, hujapanda, hujaweka kitalu. Hiyo ni pesa karibu ya bure. Kwa mwenye kukodi uliza mapema kabisa, na iandikwe: machipukizi ni ya nani? Wenye mashamba wengi wakisema msimu wanamaanisha mpaka kombaini ikitoka, machipukizi ni yao. Na kombaini yenyewe ikiingia shamba likiwa na matope inakanyaga yote unabaki na mistari ya tairi, kwa hivyo uamuzi wa kukausha shamba kabla ya kuvuna ni uamuzi wa pesa pia. Sisi tumekubaliana na mwenye shamba nusu kwa nusu, na kwa karatasi, si kwa mdomo.

Kuna wenye wataniuliza kuhusu Ahero na West Kano, zile skimu za mpunga za Kisumu. Kule wanalima mpunga mzuri na kuna wanunuzi wanavuka kutoka Uganda wanachukua mpunga kabla haujakobolewa, bei yake ni dunia nyingine, sitaki kuongea juu ya shamba sijakanyaga. Aliye Kisumu atuambie.

Msimu huu watu walidhani nitakodi ekari ya pili. Sikukodi. Ile pesa tumenunua maturubai mapya manne, tumepata chumba cha Anti tumeweka mbao chini na wavu wa panya madirishani, na karo ya binamu zangu wadogo nimeiweka kando kuanzia sasa, kwa akaunti tofauti, ndio Januari lori likija Anti awe na ujasiri wa kumwambia broka aende na gunia zake tupu. Tunakoboa mwezi wa tatu. Ukitaka niandikie kilo ngapi na uko mtaa gani, napeleka Jumamosi, mifuko ya tano na kumi, pesa kwanza. Watu wa kanisa pia, pesa kwanza.